Nilivyoitafuta Glezi Isiyong'aa na Isiyouficha Udongo

Kikombe kilichonianzishia shughuli hii yote hakikupakwa kitu. Nilikichoma kitupu hadi koni ya 6, kipimo cha moto cha wafinyanzi, yaani karibu nyuzijoto 1,220 za Selsiasi, kwa sababu tu nilitaka kujua udongo wangu mpya unatoka na rangi gani. Kilitoka na kahawia iliyoiva, chembe nyeusi za chuma zimetapakaa mwilini kama ufuta, na mistari ya vidole vyangu ikihesabika mmoja mmoja kuanzia kitako hadi ukingoni. Nilikishika muda mrefu bila kusema neno. Nilijua hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuifanya.

Shida ni kwamba chombo kitupu hakifai sana kwa matumizi ya kila siku. Ukingo wake hukwaruza mdomo, mafuta ya mikono huacha madoa, na kukiosha ni taabu. Kinahitaji glezi, ile ngozi ya kioo inayoyeyukia juu ya chombo tanurini. Nikakichukua kikombe cha pili, ndugu yake wa toka nitoke, nikakipaka glezi angavu ya kung'aa. Udongo ulionekana, ndiyo, lakini ulionekana kama kitu kilichofungiwa nyuma ya dirisha. Mwanga ulirudi machoni kabla jicho halijafika kwenye chembe. Kikombe cha tatu nilikipaka glezi isiyong'aa ambayo watu wengi huisifu. Ilikuwa laini mkononi, lakini iliufunika udongo kwa shuka jeupe. Chembe zote zilipotea.

Nilitaka kitu cha katikati: kising'ae, na kisifiche. Nilidhani ni suala la kupata mapishi sahihi na kazi imekwisha. Ilinichukua miezi kumi na minne.

Kosa la kwanza nililifanya kwa nia njema. Nilichukua ile glezi ya kung'aa nikaanza kuitia vitu vya kuua mng'ao. Nilianza na talki, unga wa jiwe laini. Mng'ao ulipungua, na kwa kadiri ulivyopungua ndivyo maziwa yalivyoongezeka, mpaka kigae cha mwisho cha majaribio kikawa cheupe pepepe. Nikajaribu zirkoni kidogo, jambo ambalo sasa nalijutia kwa sababu zirkoni kazi yake ni hiyo hiyo, kufunika. Nilipoteza mizigo minne ya tanuri hapo kabla ya kukubali kwamba nilikuwa naongeza pazia huku nikiomba dirisha.

Kosa la pili liliniuma zaidi, maana lilitoka nje ya karakana yangu na kuingia majumbani mwa watu. Niligundua kwamba ile glezi ya kung'aa, nikiichoma hadi koni ya 2 tu, karibu nyuzijoto 1,140, inatoka bila mng'ao na udongo unaonekana vizuri mno. Nilifurahi kupita kiasi. Nilitengeneza vikombe kumi na vinne nikavigawa kwa ndugu na marafiki. Wiki chache baadaye shangazi yangu alikuja na cha kwake amekifunga kwenye kitambaa. Hakulalamika. Alikiweka mezani, akageuza upande wa ndani uelekee dirishani, akasema, "Kikombe chako kimekunywa chai, mwanangu. Hebu tazama." Duara la kahawia lilikuwa limezama ndani ya glezi yenyewe. Nikasugua kwa soda, halikutoka. Nilipopitisha ukucha juu yake nilihisi unga.

Kile nilichokiita glezi isiyong'aa kilikuwa glezi isiyoiva. Haikung'aa kwa sababu haikuyeyuka yote, na udongo chini yake nao haukukaza vya kutosha. Niliwapigia simu wote kumi na watatu waliobaki, mmoja baada ya mwingine, nikawaomba wasivitumie tena kwa chakula wala kinywaji. Zilikuwa simu ngumu. Kama kuna jambo moja ningependa mwenzangu aliepuke katika maelezo haya yote, ni hilo: glezi iliyokosa mng'ao kwa sababu ya moto mdogo hudanganya macho, na ni rahisi kuipenda.

Baada ya hapo niliacha kukusanya mapishi nikaanza kusoma kwa nini glezi hukosa mng'ao. Glezi nyingi zimesimama juu ya mafiga matatu. Silika ndiyo inayotengeneza kioo. Ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka upite nyuzijoto 1,700, kwa hiyo inahitaji viyeyushi kama kalsiamu, sodiamu na potasiamu, na kwa moto wa koni ya 6 inahitaji pia boroni kidogo. Figa la tatu ni alumina, ambayo huingia zaidi kupitia kaolini, ule udongo mweupe laini, na feldspa, madini ya mwambani. Hii ndiyo inayoizuia glezi isichuruzike. Mwaka 1912 Mmarekani mmoja, R. T. Stull, alichapisha ramani ambayo wafinyanzi wanaitumia hadi leo. Alishikilia viyeyushi vilevile bila kuvibadilisha, akawa anapandisha na kushusha silika na alumina tu, akachoma, akatazama. Kwa hesabu ya molekuli, palipokuwa na silika nyingi kwa kila alumina moja, nane na kuendelea, glezi iling'aa. Iliposhuka kuelekea tano, mng'ao ulikufa wenyewe, na glezi ikiwa imeyeyuka vizuri. Stull alichoma kwa moto mkubwa kuliko wangu, karibu koni ya 11, lakini mwelekeo huo niliukuta kwangu pia.

Nilianzia kwenye mapishi yanayofahamika sana kwa wanaochoma koni ya 6, kwa sababu hata mtoto anaweza kuyakariri: vitu vitano, kila kimoja asilimia 20. Ni feldspa, wolastoniti (madini ya kalsiamu na silika), kaolini, silika, na friti ya boroni, yaani kioo kilichoyeyushwa kwanza kikasagwa, ambayo wengi wanaijua kwa namba 3134. Ukipiga hesabu, uwiano wake wa silika kwa alumina unakaribia 10, na kweli inang'aa. Nikaiita ndoo A. Ndoo B niliitengeneza bila silika ya kuongeza kabisa, na kaolini nyingi: feldspa 22, wolastoniti 22, friti 22, kaolini 33. Uwiano wake unaangukia karibu 5.5.

Kisha nikachanganya A na B kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hatua kumi na moja, kutoka A tupu hadi B tupu. Hii ni njia ya kuokoa muda kuliko kupima unga mara kumi na moja, ila ina sharti moja. Ndoo zote mbili ziwe na uzito uleule wa unga kwa kiasi kilekile cha maji. Mara ya kwanza sikulizingatia hilo. B ilikuwa nyepesi kuliko A, na matokeo yote kumi na moja yakawa hayana maana, nikayatupa.

Niseme kidogo kuhusu vigae vya majaribio, maana hapa ndipo nilipopata faida kubwa kuliko mahali pengine. Vigae vyangu vya mwanzo vilikuwa bapa, vidogo, vya udongo mweupe uliobaki. Havikunifundisha kitu. Siku hizi nakata vigae kutoka kwenye silinda niliyoifinyanga kwa gurudumu, kwa udongo uleule wa vikombe, vikiwa na mistari ya vidole, na vinasimama wima tanurini ili nione glezi ikichuruzika. Nusu moja naipaka uji wa udongo mweupe. Halafu kwa brashi nyembamba nachora mistari mitatu ya oksidi ya chuma: mmoja mzito, mmoja wa kati, mmoja ambao karibu hauonekani. Glezi ikipakwa juu yake, ile mistari inaniambia ukweli. Mstari mwembamba ukionekana, glezi inapitisha mwanga. Ukionekana ule mzito tu, ni pazia, hata kama kigae kinapendeza. Namba naiandika nyuma kwa oksidi hiyohiyo, kwa sababu ya penseli inaungua.

Kati ya vigae kumi na moja, cha kwanza hadi cha tano viling'aa. Cha nane na cha tisa, uwiano ukiwa kati ya 6 na 6.5, vilikuwa na sura ya hariri. Cha kumi na moja kilikuwa kikavu kama jiwe la mtoni, lakini mstari mwembamba wa chuma ulikuwa umezama kwenye ukungu.

Nilikata tamaa kidogo hapo, nikavichukua vyote, vipya na vile vya zamani vya talki, nikavitumbukiza kwenye beseni la maji nivioshe vumbi. Kigae cha kumi na moja kikabadilika mbele ya macho yangu. Chini ya maji, ukungu ulitoweka kabisa. Mstari mwembamba ulisimama wazi, chembe za chuma zikarudi, kahawia ikaiva kama ya kile kikombe kitupu cha siku ya kwanza. Nikakitoa, nikakifuta, nikakaa nacho. Kadiri kilivyokauka, ukungu ulirudi polepole kutoka pembeni kuelekea katikati. Nikakitumbukiza tena. Ukatoweka tena. Kisha nikachukua kigae cha talki nikakitia kwenye beseni hilohilo. Kilibaki cheupe vilevile.

Kumbe nilikuwa nikipambana na mambo mawili tofauti kwa jina moja. Glezi ya alumina nyingi, ilivyotoka kwangu, ilikuwa na ukungu wake juu, kwenye ngozi. Uso wake una vinundu na vibonde vidogo visivyoonekana kwa macho, na mwanga ukiugusa unatawanyika kila upande. Maji yakijaza vile vibonde, mwanga unapita. Ile ya talki ilikuwa na ukungu ndani, fuwele zilizoota katikati ya kioo, na maji hayafiki huko. Ukungu wa ndani sikuwa na njia ya kuuondoa bila kubadili mapishi. Ukungu wa juu ningeweza kuupunguza kwa kulainisha uso kidogo tu.

Tangu siku hiyo kila kigae kinachotoka tanurini kinapita majini kabla sijakiandika daftarini. Tone moja la maji kwa ncha ya kidole linatosha. Kikibadilika sana, naendelea nacho. Kisipobadilika na bado ni cheupe, nakiweka kando bila huzuni.

Nililazimika pia kukubali jambo ambalo sikulipenda. Ule utawanyikaji wa mwanga unaoua mng'ao ndio huohuo unaoleta ukungu. Huwezi kupata ukavu wote na uwazi wote kwa pamoja. Nilichagua kigae cha tisa: silika 4, kaolini 30, vile vitatu vingine 22 kila kimoja. Kina mng'ao hafifu ukikigeuza taani, kama ganda la yai, na mstari mwembamba wa chuma unasomeka kikiwa kikavu.

Kaolini asilimia 30 ina adhabu yake. Glezi ilipokauka juu ya chombo ilipasuka kama tope la dimbwi lililokauka, na tanurini ilijikunja ikaacha mabaka matupu. Kaolini mbichi hunywea sana inapokauka. Dawa yake ni kuichoma nusu yake kwanza. Naijaza kwenye bakuli lililochomwa tayari, naiweka pamoja na mzigo wa uchomaji wa kwanza, ule wa kabla ya glezi, hadi kama nyuzijoto 1,000, inatoka ni unga uleule lakini haunywei tena. Kwa kuwa moto huondoa maji yaliyomo ndani yake, karibu asilimia 14 ya uzito, kaolini mbichi gramu 15 inabadilishwa na iliyochomwa gramu 13. Nusu iliyobaki ibaki mbichi, la sivyo glezi itatuama chini ya ndoo na kuganda kama saruji.

Unene nao ulinisumbua. Kigae nilichokichovya sekunde mbili kilionyesha kila kitu. Kingine cha glezi ileile nilichokichovya sekunde tano kilikuwa na wingu la samawati kwenye mikunjo, ambalo kwangu hujitokeza pale boroni na kalsiamu zinapokaa nene juu ya udongo mweusi. Sasa napima maji yake kwa mizani: lita moja ya glezi naitaka iwe karibu gramu 1,400, na chombo nakichovya nikihesabu moja, mbili, natoa. Wanaosema glezi fulani inaonyesha udongo bila kusema waliipaka kwa unene gani hawajamsaidia mtu.

Halafu likaja pigo lililonigharimu zaidi kwa kazi ya mikono. Majaribio yote nilikuwa nimeyafanya kwenye tanuri dogo. Nilipojiamini, nikafinyanga mabakuli thelathini na moja, nikayapaka kigae cha tisa, nikayapanga kwenye tanuri kubwa. Siku mbili baadaye nilifungua mlango nikakuta umande mweupe juu ya kila bakuli. Nilifikiri nimekosea kupima. Nilipima upya, nikarudia kwa tanuri dogo, kikatoka kizuri. Nilirudia kwenye kubwa, umande.

Ilikuwa ni kupoa. Tanuri dogo lina kuta nyembamba, joto hulitoka haraka. Kubwa lina matofali mazito, na likijaa mzigo linakaa saa nyingi kati ya nyuzijoto 1,100 na 900, muda ambao fuwele za kalsiamu huutumia kuota. Glezi ileile, koni ileile, lakini kwa kupewa muda huo ilijijengea pazia. Kwa hiyo mapishi ninayoyatoa hapa yana tanuri ndani yake, na anayeyachukua asiyaamini mpaka ayachome kwenye tanuri lake mwenyewe, likiwa limejaa kama anavyolijaza siku zote. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili, kwenye kigae cha saba: silika 8, kaolini 28, na vile vitatu vikigawana sawasawa kilichobaki. Kwenye tanuri dogo kinang'aa kidogo. Kwenye kubwa kinatoka hariri.

Zinki niliijaribu mara moja nikaiacha, iliichafua kahawia ya chuma ikawa kama tope. Mapishi ya bariamu nilikutana nayo mengi, na picha zake zinavutia kweli, lakini bariamu kabonati ni sumu na mimi natengeneza vyombo vya kulia chakula, kwa hiyo sikuigusa. Na unga wa silika si wa kuuchezea, hasa kwa anayefanya majaribio mengi kama nilivyofanya. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Navaa barakoa yenye vichujio vya vumbi laini, natia unga kwenye maji badala ya maji kwenye unga, na sakafu naifuta kwa kitambaa chenye maji. Mwanzoni nilifagia kwa ufagio. Nisingependa mtu mwingine afanye hivyo hata siku moja.

Kabla ya kumpa mtu chombo chochote, sasa nakipitisha kwenye majaribio matatu. Kipande cha limau kinalala juu yake usiku kucha, na asubuhi natazama kama kimeacha alama. Siki ya kawaida inakaa ndani siku tatu. Kijiko cha chuma nakizungusha kwa nguvu kidogo, kisha naosha, kwa sababu glezi zisizong'aa hupenda kung'oa chuma kwenye kijiko na kubaki na mistari ya kijivu. Kigae cha saba kilipita kwa limau na siki. Kwa kijiko kilibaki na mistari hafifu iliyotoka kwa kusugua, na hilo halikuniridhisha kwa upande wa ndani. Ndani ya vikombe naweka ndoo A, ile ya kung'aa. Nje, kwenye mistari ya vidole, ndipo naweka ya hariri. Zinakutana kwenye ukingo, na kwa kuwa ni za ukoo mmoja hazigombani.

Mwezi uliopita nilimpelekea shangazi kikombe kingine mahali pa kile. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mistari. Kisha akaenda nacho bombani akakilowesha, akanionyesha kikiwa kimelowa, akakifuta kwa upindo wa kanga, akanionyesha kikiwa kikavu. Chembe nyeusi zilikuwa palepale mara zote mbili.